Ile "a" ya Kinole Iliyoruka Mstari

Katibu wa chama cha wakulima wa matunda wa Kinole aliingia ofisini kwetu asubuhi moja akiwa amebeba taipureta mgongoni, ameifunga kwa khanga ya mkewe kama mtoto anayepelekwa kliniki. Aliishusha taratibu juu ya meza yangu, akafungua fundo, akarudi nyuma hatua mbili na kuvua kofia.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Huyu amekufa. Nimeambiwa ninyi mna mashine inayoandika bila kugonga."

Tulikuwa nayo kweli. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mashirika ya umma yanauzwa au yanafungwa, na kila aliyepunguzwa kazi alikuwa anafungua kitu: baa, saluni, duka la dawa za mifugo. Bosi wangu alikuwa ofisa utumishi wa shirika moja hapa mjini Morogoro. Barua yangu ya kupunguzwa aliisaini yeye. Yake niliichapa mimi. Kiinua mgongo chake akakigeuza kompyuta iliyotumika, printa na stabilaiza, akapanga chumba karibu na soko, kisha akaja nyumbani kwetu Kilakala kunichukua nikamfanyie kazi. Wateja walivua viatu mlangoni. Feni tulikuwa nayo moja, na ilikuwa inampepea kompyuta. Mimi na bosi tulijipepea kwa magazeti.

Katibu alinieleza jinsi taipureta ilivyokufa. Alikuwa anaishusha kutoka nyumbani kwake kwenda kwenye mkutano, akateleza kwenye udongo uliolowa, taipureta ikamponyoka na kubingirika mtelemko mzima ikipita migomba ya watu watatu. Walipoifikia, vijiti vya herufi vilikuwa vimesokotana kama mizizi. Fundi wa mjini alikuwa ameitazama akamwambia aende akaizike. Alikuwa ameirithi kwa mjomba wake pamoja na ukatibu wenyewe, maana kwao huko mtu hurithi kwa mjomba, si kwa baba.

Alichohitaji kilikuwa barua moja tu kila wiki. Gari la chama liliposhuka na machungwa, mananasi na mdalasini, lilibeba barua ya katibu inayosema kwamba mzigo huu ni wa wanachama na haukuibwa shambani kwa mtu. Barua hiyo ilisomwa kwenye geti la mazao kabla ya kuingia mjini. Bila barua, geti halifunguki.

Nikamchapia. Nilitumia ile fonti ya magazetini, yenye visigino vidogo chini ya kila herufi. Nilimweleza kwamba fonti ni ukoo wa herufi, kuanzia a mpaka z, zote zimezaliwa tumbo moja ndiyo maana zinafanana. Jambo hilo alilielewa mara moja. Karatasi ilipotoka kwenye printa aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma mara mbili, akasema, "Mjomba angeiona hii." Akaondoka na barua yake pamoja na marehemu wake mgongoni.

Siku ya tatu alirudi bila kofia. Geti lilikuwa limeikataa barua.

"Wamesema ni ya kughushi," akasema. "Mananasi yanaivia garini. Twende wote, mwanangu, ukawaambie ni wewe uliyeiandika."

Bosi aliniruhusu kwa sababu jina la ofisi lilikuwa limeguswa. Tukaenda. Getini palikuwa na mti uliolazwa katikati ya barabara, kibanda cha mabati, na karani wa makamo mwenye miwani na rula. Gari la Kinole lilikuwa limeegeshwa pembeni, linanukia kama jamu.

"Barua hii umeandika wewe, dada?" karani akaniuliza.

"Ndiyo, mimi."

"Umeandika vizuri sana. Ndiyo maana siikubali."

Akatoa faili nene, akalifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na barua za Kinole za miaka mingi, zimepangwa kwa tarehe. Aliweka rula chini ya mstari. "Tazama. Hii 'a' inaruka. Kila 'a' inaruka, haigusi chini. Hii 'e' imeziba jicho. Nayo 'k' haina mguu mmoja. Mimi nikiona hivi, hata muhuri siutazami. Muhuri mtu anachonga kwa kiazi akiwa kitandani kwake. Lakini nani atachonga 'a' inayoruka?" Kisha akaigusa barua yangu kwa ncha ya rula, kama mtu anayegusa mdudu. "Na hii, herufi zote zimesimama kama askari wa gwaride. Kinole hakuna mahali palipo tambarare hivi."

Katibu akasogea. "Lakini mimi mwenyewe nimesimama mbele yako. Unanijua."

"Nakujua, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba."

"Ila wewe si barua."

Tulibishana mpaka jua likawa utosini. Mwisho mananasi yaliuzwa palepale getini kwa abiria wa magari mengine, karani naye akanunua mawili, na gari likageuza kurudi mlimani na machungwa yake.  Mimi nilikuwa na hasira ya mtu aliyetukanwa kwa kufanya kazi vizuri.

Kesho yake nikaanza kuzipandisha zile "a" kwa mkono. Kwenye kompyuta inawezekana: unaichagua herufi, unafungua menyu, unaiamuru ipande juu ya mstari kidogo, unathibitisha. Halafu unakwenda kwa inayofuata. Jaribu kuandika kwa Kiswahili kwamba wakulima wa chama chetu wanasafirisha machungwa na mananasi, uone "a" zilivyo nyingi. Nilianza saa mbili asubuhi. Saa sita nilikuwa aya ya pili. Njia ya mkato ilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa amenionyesha.

Bosi alisimama nyuma yangu muda mrefu. "Unapandisha 'a' peke yake," akasema hatimaye. "Hizo nyingine hazitalalamika?"

"Bosi, herufi hazilalamiki."

"Hayo ndiyo tuliyokuwa tunayasema pale shirikani," akajibu, na akaenda kunywa chai.

Hata zingepanda zote, "e" bado ilikuwa na jicho wazi na "k" ilikuwa na miguu yote miwili. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mmoja niliyesoma naye kozi ya uhazili. Alikuwa anasimamia chumba cha kompyuta pale chuoni Mazimbu, chumba chenye baridi ya mashine mpaka alivaa sweta mchana wa Morogoro. Nilimweleza shida yangu nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Mnayo mifano ya kutosha?"

Alikuwa na disketi yenye programu ya kuchorea herufi. "Fonti ni faili tu," aliniambia. "Anayeweza kuchora anaweza kuzaa fonti. Mleteni mwenye 'a' Jumamosi."

Jumamosi katibu alikuja Mazimbu amevaa suti ya kanisani, na bahasha ya nakala za kaboni kwapani. Tuliketi watatu mbele ya kioo. Mama wa sweta alichukua herufi moja moja, akaikuza mpaka ikawa kubwa kama sinia, akaanza kuichora kwa mausi, na katibu alikuwa anatoa maelekezo kama mtu anayemweleza polisi sura ya ndugu aliyepotea.

"Jicho la 'e' halijaziba lote. Kuna kitundu hapo kulia. Kidogo. Hapo."

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya "k". Katibu alikohoa, akashusha sauti. "Hii mnirekebishie. Nimeona haya nayo miaka mingi. Jina langu lina 'k' mbili. Kila nikijiandika, naonekana mtu aliyekatwa."

"Tukimpa mguu, mzee, getini hapiti," mama wa sweta akamwambia.

Katibu akatafakari. "Basi aendelee kuchechemea. Alishazoea."

Ugomvi wa pili ulikuwa mrefu zaidi: "a" inaruka juu kiasi gani? Tulipozipanga nakala za kaboni tuligundua kwamba haikuwa na urefu mmoja. Katika barua za mjomba ilikuwa imeinuka kidogo tu, kama mtu anayechungulia. Kadiri miaka ilivyokwenda ilizidi kupanda, kama mche. Katibu alizishika karatasi hizo, akasema ilianza kupanda kweli mwaka aliokufa mjomba. Alitaka tuchukue "a" ya mjomba. Ilibidi nimkumbushe kwamba karani alikuwa na rula, na rula yake ilizoea "a" ya mwaka jana. Alikubali, lakini aliomba mama wa sweta aihifadhi na ile ya zamani kwenye disketi, hata kama haitatumika. Akaihifadhi.

"Inahitaji jina," akasema mama wa sweta. "Lisizidi herufi nane."

"Kinole," akasema katibu bila kufikiri. Tukahesabu. Ikatosha.

Barua ya kwanza ya fonti ile niliichapa Jumatatu kwa dakika tano. Nilikwenda nayo getini mimi mwenyewe, pamoja na katibu. Karani aliweka rula chini ya mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mashine imepona?" akamuuliza katibu.

Katibu alikuwa mkatoliki wa kweli, mtu wa Misa ya kwanza, na uongo haukumkaa mdomoni. Nilimwona anahangaika kutafuta neno.

"Imefufuka," akasema.

Mti ukainuliwa, gari likapita. Nilishangilia kama mjinga kando ya barabara. Miezi kadhaa mambo yalikwenda hivyo, na nisingekuwa na la kusimulia zaidi kama bosi wangu asingehudhuria semina.

Ilikuwa semina ya wajasiriamali, na mtoa mada mmoja alisema kwamba fonti nyingi zinaichosha kompyuta. Bosi alirudi na kalamu nyekundu na jalada jipya. Alifunga mlango kwanza.

"Tuna fonti ngapi humu?"

"Nyingi, bosi. Sijawahi kuzihesabu."

"Ndivyo mashirika yanavyokufa," akasema. "Niitie mmoja mmoja."

Nilidhani anatania. Akavuta kiti, akafungua jalada juu ya goti. Nikafungua orodha ya fonti, nikabonyeza ya kwanza, mfano wa herufi zake ukajitokeza.

"Huyu anafanya kazi gani?"

"Huyu tunamtumia kwenye vyeti."

"Vyeti vingapi mwezi huu?"

"Kimoja."

Kalamu nyekundu ikapita. Tukaendelea hivyo saa nzima. Yule mwenye mikia mirefu alipunguzwa kwa madaha. Mnene alipunguzwa kwa kula wino. Wawili waliofanana walipunguzwa wote, maana bosi alishindwa kuamua nani amtangulie mwenzake. Yule wa magazetini, tegemeo letu la kila siku, nilimtetea kwa nguvu. Bosi akasema watu wa namna hiyo ndio wanaojiona ofisi haiwezi kusimama bila wao. Inachekesha sasa, lakini siku ile haikunichekesha. Nilikuwa nimeshakaa upande wa pili wa jalada kama lile, na mwenye kalamu alikuwa ni yeye yule.

Walibaki wawili. Kinole alibaki kwa sababu, kama alivyosema bosi, "mlemavu hapunguzwi kwanza." Mwingine alikuwa ile fonti isiyo na herufi, yenye vipicha: unabonyeza herufi linatoka simu, mkasi, bahasha, mkono unaonyesha kidole. "Huyu ni fundi," bosi akasema kwa heshima. "Mfanyakazi mmoja, kazi zote." Kisha akaniagiza nichape orodha ya waliopunguzwa, nakala tatu. Nikaichapa. Ikatoka na "a" zinazoruka, maana hapakuwa na herufi nyingine za kuiandikia.

Nilijua kwamba fonti haikai ndani ya barua, inakaa ndani ya kompyuta. Ukiifuta, hata barua ya zamani ukiifungua inavaa nguo ya fonti yoyote iliyopo. Kwa hiyo kesho yake kazi zetu zote, za miaka yote, zilikuwa zimevaa Kinole. Nikamwomba bosi zile disketi za fonti zilizokuja na kompyuta ili nizirudishe. Akanitolea faili kabatini. Disketi zilikuwa ndani, zimepangwa kwa namba, kila moja imetobolewa matundu mawili kwa panchi ili ikae vizuri kwenye waya wa faili.

 Nilikwenda Mazimbu, nikaambiwa mama wa sweta yuko likizo kwao Songea, atarudi baada ya wiki tatu.

Wiki tatu hizo zilikuwa za ajabu. Mwalimu wa madrasa aliyechapisha tangazo aliniuliza kama zile "a" zina maana. Nikamwambia hazina. "Basi ziache," akasema, "watasoma kwa makini." Mwombaji mmoja wa kazi alisema barua yake inaonekana ya mtu aliyehangaika, na hilo lilikuwa kweli. Halafu akaja mama mmoja anayetaka kadi za harusi ya binti yake. Nilimwonya. Akatazama mfano, akauliza kama na wengine watakuwa na kadi za namna hii. Nikasema hapana. Akaagiza zote.

Wiki ya harusi, shangazi wa bibi harusi alikuwa anashuka mlimani na pikapu ya ndizi za karamu. Hakuwa na barua ya kijiji chochote. Getini aliulizwa karatasi, akapekua mkoba, karatasi pekee aliyokuwa nayo ni kadi ya mwaliko. Karani aliweka rula. Akaweka tena. Akagonga muhuri wa IMEKAGULIWA juu ya jina la bwana harusi, na mti ukainuliwa.

Shangazi alilisimulia jambo hilo ukumbini kwenye kipaza sauti. Kufika Jumatatu tulikuwa na foleni. Wenye nyanya, wenye kabichi, wenye maharage, wote wanataka kadi za harusi, nakala mojamoja. Nikiwauliza jina la bibi harusi wanatazamana. Bosi alifurahi, akasema watu wameanza kuoa kwa sababu uchumi umefunguka. Karani wa geti naye, nilisikia, alianza kuwapongeza madereva.

Alhamisi katibu aliingia. Hakuniitikia salamu. Alichukua kadi moja mezani, akaitazama, akairudisha.

"Mwanangu," akasema, "umegawa 'a' yetu."

Nikaanza kumweleza habari za semina, na panchi, na Songea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile 'a' ilikuwa mbaya," akasema. "Lakini ilikuwa mbaya yetu."

Sijawahi kuona haya namna ile kazini. Niliwaambia waliokuwa kwenye foleni kwamba printa imeharibika. Bosi akasema mbona ni nzima. Nikaichomoa waya, nikasema sasa imeharibika.

Mama wa sweta aliporudi kutoka Songea alikuja na disketi zake nzima. Bosi alimzuia mlangoni. "Waliopunguzwa hawarudi," akasema. "Ni utaratibu."

"Warudishe kwa mkataba," akamjibu. "Wa mwaka mmoja mmoja."

Bosi alifikiri, akasema hilo linawezekana, akasaini. Fonti zote zikarudi, wale wawili wanaofanana pia. Fonti ya Kinole tuliitoa kwenye kompyuta, tukaiweka kwenye disketi yake, na disketi ikakaa kwa katibu. Kila Alhamisi, siku ya gari, alikuwa anakuja nayo mfukoni mwa koti, ameifunga kwenye leso. Naipachika, nachapa barua, naifuta, namrudishia.

Haukupita mwaka geti likaondolewa. Ilitangazwa kwamba mazao yatembee huru. Mti ulichukuliwa na mtu wa karibu akajengea zizi, na karani akahamishiwa ofisi nyingine, akaondoka na rula na faili lake. Nilidhani sitamwona tena katibu. Alhamisi iliyofuata akaja kama kawaida, akavua viatu, akatoa leso.

"Baba, geti si limeondolewa?"

"Limeondolewa."

"Sasa barua ya nani?"

"Mkutano mkuu ulipitisha kwamba mzigo hauondoki Kinole bila barua," akasema. "Kuufuta uamuzi wa mkutano mkuu unahitajika mkutano mkuu. Na siku hizi akidi haitimii, kila mtu yuko sokoni."

Nikamchapia. Nikaendelea kumchapia miaka miwili na zaidi. Barua ilikwenda garini, ikakaa kwenye dashibodi, ikarudi. Nami, nikijua kwamba hakuna anayeisoma, nikaanza kuichapa huku napiga soga na wateja wengine. Alhamisi moja katibu alitoka, akapanda garini, kisha nikamwona anashuka, anavuka barabara, anavua viatu tena mlangoni.

"Mwanangu," akasema, akiniwekea karatasi mezani, "leo ni tarehe tisa. Umeandika nane."

Nikaomba radhi, nikapokea disketi, nikachapa upya. Nje dereva alikuwa anapiga honi.